Kovu la Utomvu wa Mnyaa

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu hadi kliniki ya hapa Matinyani, akimpeleka mtoto wake kuchanjwa surua. Muuguzi alipowaita, mjukuu hakuinuka. Alimkumbatia mtoto akaniuliza mimi nyanya yake kwa sauti ya chini, "Lakini susu, si mdogo wako alichanjwa na bado ndui ikamuua?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu, rafiki yangu, yamefika hadi kwa kitukuu.

Miaka ya thelathini nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, kimbelembele asiyekubali kushindwa na mtu. Asubuhi kinu cha nyanya kilituamsha, akitwanga mahindi ya isyo, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Mimi na mdogo wangu wa miaka mitano tulibeba vibuyu hadi mtoni, tukafukua mchanga mkavu na kungoja maji yajikusanye polepole. Maji yale yalikuwa baridi na matamu, na mpaka leo ya bomba hayajanishibisha. Njia nzima ilipakana na ua wa minyaa, na tulikatazwa kuigusa kwa kuwa utomvu wake huunguza ngozi.

Mimi nilikuwa nimeshachanjwa ndui. Dresa wa serikali, mhudumu wa afya wa siku zile, alikuja na vichupa vyake, akatudondoshea dawa mkononi na kutuchanja juu yake kwa wembe. Mkono ulivimba, ukatunga usaha, ukaacha kovu la mviringo. Mdogo wangu siku hiyo alikuwa na homa, akaachwa. Nami, kwa kupenda sifa, nilimsimulia maumivu yale nikatia chumvi mpaka akawa analitaja jina la dresa kama mtu anayetaja fisi.

Basi ikatangazwa sokoni kwamba dresa anarudi baada ya mwezi mmoja. Mdogo wangu alilia siku mbili, hali chakula. Nilimhurumia. Nilijua dresa huwapitisha pembeni wote wenye kovu, kwa hiyo nilimwahidi kumpa la kwake. Nilimkwaruza kwa mwiba nyuma ya ua, nikadondosha utomvu wa mnyaa. Aliuma meno asilie, maana aliniamini. Nyumbani tulimwambia mama ameanguka kwenye ua, na kidonda kilipopona, kovu lilikuwa la mviringo kama langu. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Siku ya chanjo mama alikuwa Mbumbuni kwa wazazi wake, nyanya akatupeleka. Msururu ulikuwa mrefu na dresa alikuwa amechoka. Alimshika mdogo wangu mkono, akatazama kidogo tu, akasema, "Huyu tayari." Nyanya, ambaye hakuwapo ile mara ya kwanza, alidhani alichanjwa wakati ule, akaridhika, na mama aliporudi akamwambia mtoto ameshachanjwa. Tulirudi nyumbani tukikimbizana, naye akicheka njia nzima.

Ndui ilifika wakati wa kiangazi, ikampata mdogo wangu. Kwetu mgonjwa alijengewa kibanda shambani na kuuguzwa na mtu aliyekwisha kuugua na kupona. Nyanya, ambaye uso wake ulikuwa na makovu ya ndui tangu usichana, ndiye aliyekwenda kukaa naye. Sisi tuliacha isyo na maji kwenye mpaka wa shamba, tukarudi nyuma. Siku ya tisa asubuhi nyanya alitoka peke yake.

Majirani walikuja, wakasimama mbali. Nyanya aliwaambia, "Alikuwa na kovu la chanjo. Nililiona kwa macho yangu. Dawa yao ni maji tu." Nilikuwa nimesimama kando yake. Ningefungua mdomo hapo hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini niliogopa fimbo ya mama. Mdogo wangu amekufa, nami naogopa fimbo! Nilinyamaza.

Dresa aliporudi, akina mama waliwaficha watoto wao korongoni. Alikuta uwanjani wazee peke yao. Ndui ilipopita mara ya pili, jirani yetu, yule aliyezoea kutugawia viazi vitamu, alizika watoto wawili. Nilimwona akiwabeba, na bado nilinyamaza, mwaka baada ya mwaka, mpaka nyanya na mama wakafa na imani yao ileile.

Leo ule ua wa minyaa haupo, ni seng'enge. Kinu kimeliwa na mchwa. Ndui yenyewe imefutika duniani, hata muuguzi yule hajawahi kuiona. Uongo wangu tu ndio uliosalia, umelelewa nyumbani mwetu kizazi hadi kizazi, na siku ile ulikuwa umekaa nasi kwenye benchi la kliniki.

Nilimweleza mjukuu wangu yote, hapo hapo, mbele ya watu. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Muuguzi alipoita mara ya pili, aliinuka. Mtoto alilia sana, kisha akanyonya akatulia. Ndipo mama yake akaniuliza, "Susu, huyo mdogo wako aliitwa nani?"

Nyumbani kwetu kila mtu alijua habari za kovu lake, na hakuna aliyejua jina lake. Nilimtajia. Nilikuwa sijalitamka tangu asubuhi ile nyanya alipotoka shambani peke yake.