Tone Moja kwenye Kalenda

Wewe ungemwamini nani kuhusu mafuta ya injini ya pikipiki yako: mtu aliyesomea umakanika miaka mitatu Lubumbashi, kama mimi, au fundi wa karibu na stesheni asiyeweza kusoma hata jina lililoandikwa kwenye bidoni la mafuta? Mji wetu mzima wa Kamina unamwamini fundi. Vidole vyake ni vifupi na kucha zake ni nyeusi. Kila pikipiki inapoletwa, anachomoa kijiti cha kupimia, anadondosha tone moja kwenye kalenda kuukuu ya kanisa, kisha anasubiri huku akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Tone likitawanyika vizuri, anairudisha pikipiki kwa mwenyewe. Likibaki zito katikati, anamwaga mafuta yote. Hata mluzi wake nauonea wivu.

Jumanne nilimpelekea bidoni jipya lenye maandishi ya dhahabu, nikamsomea mbele ya wateja wake: kilomita elfu kumi bila kubadilisha mafuta.

"Soma na kule nyuma, ingénieur," fundi akasema taratibu.

Nyuma paliandikwa: badilisha kila kilomita elfu tatu.

"Njo kusema ule aliandika mbele na ule aliandika nyuma habajuane," fundi akahitimisha: hawajuani.

Wote walicheka, hata Nahum niliyesoma naye. Fundi hakucheka. Alinisogezea nafasi kwenye benchi lake, na hilo liliniuma zaidi. Nilikataa kukaa.

Asubuhi iliyofuata, kupitia dirishani, nilimwona baba, ambaye pikipiki yake niliitia mafuta hayohayo kwa mikono yangu, akiisukuma kuelekea stesheni, injini imezimwa, ili nisisikie.