Adhiambo Anayesoma Meno ya Dubu Amechoka Kunyamaza

Saa tatu asubuhi, Adhiambo Ochola anachukua jino la dubu, dogo kama punje ya mahindi, analikata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, anavitia rangi na kuinamia hadubini. Anahesabu pete, kama mtu anayesoma umri wa mti uliokatwa. Ziko tisa. Tatu zimebanana.

"Jike," anasema bila kuinua kichwa. "Mwaka wa kunyonyesha, pete huwa nyembamba. Huyu alilea mara tatu. Ya mwisho, mwaka jana."

Anavuta fomu ya mwindaji iliyokuja na jino. Imeandikwa: alikuwa peke yake. Adhiambo anaisukuma kama sahani iliyotuliwa na nzi.

"Peke yake! Na watoto walikuwa wapi, sokoni?"

Mzaliwa huyu wa Siaya, mwenye miaka arobaini na sita, amefanya kazi katika maabara hii ya Stockholm, Uswidi, kwa miaka kumi na mmoja. Mwindaji akiua dubu kwa kibali, jino huletwa hapa. Msimu uliopita alisoma meno zaidi ya mia tatu.

Sheria inakataza kumpiga risasi jike mwenye watoto. Sasa kuna pendekezo la kufuta kinga hiyo watoto wakishatimiza mwaka mmoja, eti kwa mbali mwindaji hawezi kuwatambua kuwa ni watoto.

"Kama humtambui, usipige!" anafoka. "Mimi nikishindwa kusoma jino naandika nimeshindwa. Sibahatishi. Na nikikosea, jino halifi."

Lakini hasira nyingine anajielekezea mwenyewe. Mapendekezo ya namna hii hutumwa kwa orodha ya idara na vyama ili watoe maoni. Ilipopendekezwa vibali vya uwindaji viongezwe, Adhiambo aliisoma orodha, hakuona jina lake, akanyamaza. Mara mbili.

"Kwetu usipoitwa kikaoni, huendi," anasema. "Nikadhani na huku ni hivyo. Miaka yote hiyo, nimekaa na ninachokijua kama mjinga."

Mwezi uliopita alikuwa akilalamika jikoni kwake, mtaa wa Akalla. Binti yake Natalie, wa miaka kumi na sita, akamjibu kwa Kiswidi kwamba shuleni wamefundishwa: mtu yeyote anaruhusiwa kuandika.

"Yeyote?"

"Yeyote, mama. Hata wewe."

Kesho yake alimweleza mkuu wake, Axel. Axel akakuna kidevu. "Sisi tunapima, Adhiambo. Maabara haitoi maoni."

"Maabara haitoi. Mimi natoa, kwa jina langu, nikiwa kwangu."

Barua yake ya kurasa mbili imekwisha kufika kwa wanaokusanya maoni. Mlango wa maoni unafungwa Ijumaa ijayo, na kabla ya hapo kuna Jumapili moja. Baada ya ibada kanisani kwake, watu wakinywa kahawa, ataweka karatasi na kalamu mezani.

Muthoni, rafiki yake anayesafisha ndege uwanjani, upande wa Märsta, ameshamcheka. "Mama Natalie, wewe na dubu wako! Kwani hawana wenyewe?"

"Hawana. Ndiyo maana kuna sheria."

Muthoni akauliza kama anaweza kuandika kwa Kiswahili, Natalie amtafsirie.

"Sitaki sahihi za watu chini ya barua yangu," anasema Adhiambo. "Kila mtu aandike yake, hata mistari mitatu. Tukiwa kumi, wasome barua kumi."