Mama ameitikia Bunge

Leo Mama ameitikia Bunge kama anaitikia Misa.

Nilikuwa off, nimeketi jikoni hapa Quakers Hill, huku ughaibuni. Kwa laptop, Bunge la jimbo linajadili mswada wa kuongeza wauguzi kila zamu. Wauguzi wenzangu, wodi yangu mnaijua: tuko wawili, na kengele zinalia kila upande.

Spika akasema, "Second reading." Mama akasikia somo la pili la Misa.

Mama alikuja kututembelea, mipaka ikafungwa, hajarudi Nakuru hadi leo. Tangu lockdown, Misa tunaifuata kwa laptop hiyo hiyo.

Basi akaepua sufuria. Akajifunga leso kichwani. Akaketi vizuri.

Mbunge mmoja akaeleza vile wauguzi wanajificha chooni kulia. Alipomaliza tu, Mama akaitikia kwa sauti:

"Tumshukuru Mungu."

"Mama, hii si Misa. Ni Bunge, wanasoma mswada."

"Kwani amesema uongo?"

Hicho choo nakijua.

Halafu wakaahirisha mjadala, wakaenda zao.

Mama akanigeukia. "Padri gani huondoka kabla ya Injili?"

Wauguzi wenzangu, mjibuni nyinyi. Leso bado iko kichwani, anangoja.