Pikapu Iliyowasha Kulia Ikaenda Kushoto

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne mwaka huu, saa nne asubuhi, tulipoteza pikapu ya mwisho ya kiwanda chetu. Inawezekana nyingine imelala uani kwa mtu, kuku wanataga ndani yake, lakini hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kutembea yenyewe hapa Kariakoo. Ilikatwa kwa gesi kule mtaa wa Gerezani. Nilikuwepo, na kabla haijakatwa ilinibidi niseme jambo nililolificha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Nianze na kiwanda. Kilikuwa Barabara ya Pugu, na ukutani kiliandikwa kwa herufi kubwa kuliko milango kwamba taifa linalotengeneza gari lake halitatembea kwa miguu. Sisi tuliokuwa tunalitengeneza tulikuja kazini kwa miguu kutoka Buguruni, tukapita chini ya maandishi hayo kila asubuhi, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyecheka.

Kusema tulitengeneza ni kujipa sifa. Makasha yalishushwa bandarini kutoka nchi rafiki, gari likiwa vipande vipande kama kitanda cha kununua, na sisi tukaviunganisha. Mbele tulibandika nembo ya kongoni anayekimbia. Hiyo nembo ndiyo ilitengenezwa hapa, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kudondoka.

Nyapara wetu alikuwa mtu wa kusini kama mimi, mwembamba, mkimya, mwenye mkono usiotetemeka. Alinifundisha kukaza nati kwa kusikiliza, siyo kwa nguvu. Mimi nilikuwa na darasa la saba na hamu ya kusifiwa. Aliniita bwana mdogo na bado ananiita hivyo, ingawa nina wajukuu.

Siku moja likaja kundi jipya la makasha ya pikapu pamoja na mchoro wa nyaya za umeme. Ulichorwa kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, nyaya zimeonyeshwa kwa rangi, na maelezo yameandikwa kwa herufi za huko yalikotoka makasha, ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua. Nyapara akanipa karatasi ile. "Bwana mdogo, ibandike kwenye kioo cha ofisi, wote waione."

Nje ya kioo ndiko tulikofanyia kazi, na kulikuwa na vumbi la rangi. Kwa hiyo niliibandika kwa ndani. Sikutaka kupaka gundi kwenye uso wa mchoro, nisije nikauchafua, nikapaka mgongoni. Nilijiona msafi na mwenye akili. Matokeo yake, nyapara akikaa mezani aliuona mchoro sawasawa, na sisi mafundi tuliokuwa nje tuliuona kinyume. Mtu anayejua kusoma zile herufi angeshtuka siku hiyohiyo. Kwetu sisi herufi zile zilikuwa mbaya vilevile kutoka upande wowote.

Tukafunga nyaya kundi zima. Taa kubwa huwaka zote pamoja, za breki vilevile, kwa hiyo gari halikuwa na kasoro hata moja mpaka uwashe indiketa. Na indiketa tuliijaribu. Tuliwasha, taa ikapepesa, tukapiga makofi. Hakuna aliyezunguka kuangalia inapepesa upande gani.

Aliyekuja kuangalia ni mheshimiwa mmoja kutoka serikalini, siku ya uzinduzi. Alipanda pikapu ya kwanza, akapunga mkono, na dereva akawasha indiketa ya kushoto ili aingie kwenye jukwaa. Taa ikapepesa kulia. Askari wa pikipiki aliyekuwa nyuma akaamini taa, akapita kushoto, akabanwa na pikapu, akaingia na pikipiki yake katikati ya bendi. Hakuna aliyeumia isipokuwa ngoma kubwa. Mheshimiwa aliendelea kupunga mkono muda wote.

Ikaundwa kamati. Usiku ule sikulala, na kwa mara ya kwanza akili yangu ilizunguka kile kioo. Asubuhi niliwahi kazini kabla ya wote. Nikasimama ndani, nikatazama mchoro. Nikatoka nje, nikautazama tena. Nikaubandua. Pikapu ya mwisho kwenye mstari ilikuwa bado haijafungwa ubao wa ndani wa mlango wa kushoto. Nikaukunja mchoro, nikautia humo, nikafunga ubao kwa skrubu zilizokuwa karibu, mbili kati yake za aina tofauti.

Kamati ilikula pilau kwa wiki mbili. Ikamuuliza nyapara mchoro uko wapi, naye hakujua. Akasema, "Mchoro ulikuwa sahihi. Nimeutazama kila siku." Wakaandika kwamba nyapara alikosea na kisha akaficha ushahidi. Alikuwa ameshapangiwa safari ya mafunzo nchi rafiki, sanduku ameshanunua. Wakamfuta kwenye safari, wakamweka getini kukagua mifuko ya wenzake. Nafasi yake wakampa kijana mwenye nidhamu ambaye hakuwahi kulalamika kitu.

Kijana huyo ni mimi. Nilikaa huko miezi mitatu, nikajifunza kula viazi bila chumvi na kusoma zile herufi. Nyapara aliniazima sanduku lake.

Kuhusu pikapu, wakubwa waliona kuzifungua tena ni kazi kubwa. Wakatoa waraka kwamba wanunuzi waelekezwe. Basi mji mzima ukaelekezwa. Ukiona kongoni anapepesa kulia, unajua anaingia kushoto. Madereva wa gari nyingine walijifunza hilo haraka kuliko walivyojifunza alama za barabarani. Nyapara akapewa jina la Geuza. Watoto wa Buguruni walimwita hivyo, na watoto wao wakalirithi bila kujua maana yake.

Baadaye makasha yakaanza kuchelewa. Tulikuja kazini tukafagia. Tukapaka rangi mistari ya sakafu, ikakauka, tukaipaka tena. Bandarini magari ya mtumba kutoka Japani yakawa yanashuka yakiwa mazima, yana redio, na indiketa zake zinasema kweli. Siku ya mwisho tulipangwa mstari, tukahutubiwa kwamba kiwanda hakifungwi, kinabadilishwa muundo. Kikabadilishwa kuwa ghala la magodoro. Maandishi ya ukutani yaliachwa miaka mingi, na magodoro yakawa yanatoka pale kwenye mikokoteni.

Nyapara akafungua kijiwe cha ufundi Gerezani. Mimi nikaweka meza yangu Kariakoo, nauza balbu, fyuzi na nyaya za gari. Watu hudhani nilichagua pale kwa sababu ya wateja. Nilichagua kwa sababu ng'ambo ya barabara kuna duka la viungo la tajiri mmoja wa Kihindi, na mbele ya duka lake ilikuwa inaegeshwa pikapu ya kongoni aliyoinunua kwenye mnada wa kiwanda. Nilipita siku moja, nikaona ndani ya mlango wa kushoto skrubu mbili za aina tofauti.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa naitengeneza bure. Kioo cha mlango kikikwama, nilikimbia kabla hajaitwa mtu mwingine. Kila mara niliukuta mchoro mahali pake, nikafunga ubao tena, maana tajiri alisimama pembeni akinitazama. Tajiri akawaambia majirani, "Huyu mzee ana mapenzi na gari langu." Alinitumia iliki kila sikukuu, na mimi niliinywa kwenye chai yangu.

Jumatatu ile alivuka barabara akaja mezani kwangu.

"Mzee wa balbu, kesho naipeleka Gerezani."

"Kutengenezwa?"

"Kukatwa. Mwanangu kanunua kigari kipya. Anasema hii inatutia aibu. Juzi taa ikapepesa kulia, yeye akaingia kushoto, bajaji ikampanda. Dereva wa bajaji kijana, hajui kongoni ni nini." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe umeihudumia, nimeona nikwambie mwenyewe. Nyapara wenu nimemwambia pia, aje achukue anachotaka kabla hawajakata."

"Anataka nini?"

"Hataki spea. Anataka kufungua nyaya zote na milango, aone mlichomfanyia. Kasema hivyohivyo: nione walichonifanyia."

Nilifunga meza mapema. Ningeweza kuvuka barabara na bisibisi, dakika tano, nikautoa mchoro nikaenda kuuchoma. Tajiri angenishukuru kwa kulikagua gari. Nilifika hadi kwenye mlango, nikashika bisibisi. Sijui niseme nini kilinizuia, maana wema haukuwa. Nadhani nilichoka tu. Mzee wa umri wangu kukimbilia mlango wa pikapu kama mwizi wa saidimira, nilijiona kichekesho.

Asubuhi pikapu iliingia uwanja wa chuma chakavu ikiendeshwa na tajiri mwenyewe. Iliwasha kulia, ikaingia kushoto. Vijana wawili wakata chuma walikuwa wanangoja na mtungi wao wa gesi. Nyapara alikuwa ameshafika, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mfuko wa zana begani.

"Shikamoo babu," wakasema vijana.

"Marahaba. Nipeni nusu saa."

"Babu, hii maiti. Unataka kuipima presha?"

"Nataka kuiuliza swali," akasema nyapara, na akapiga magoti mbele ya dashibodi. Aliponiona alisogea kunipisha. "Bwana mdogo, shika tochi. Leo tutajua. Kama rangi za nyaya zinalingana na nilizokuwa naziona kwenye mchoro, basi makasha yalikuja na kosa. Na kama hazilingani, mtu alinichezea."

Nikashika tochi. Mkono wake ulikuwa bado hautetemeki. Mimi nilimulika kila mahali isipokuwa nyaya, mpaka akauliza kama nimekunywa chai.

"Mzee," nikasema, "anza na mlango wa kushoto."

"Mlangoni kuna waya gani?"

"Hakuna waya. Kuna mchoro."

Akainuka magotini. Kisha akanipa bisibisi. Nikafungua skrubu, zile mbili mwisho. Nikaingiza mkono. Ulikuwepo, umekuwa wa njano, panya wamekula pembe moja. Nikamweleza yote nikiwa nimeinama vilevile, kioo, gundi, vumbi la rangi, asubuhi ya kamati. Nikamwambia na habari ya sanduku, ingawa hiyo aliijua. Tajiri alikuwa amesimama pale, na vijana pia. Niliona haya zaidi kwa vijana.

Nyapara akakunjua karatasi, akainyanyua juani. Akaitazama. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Akapitisha kidole kwenye gundi ya mgongoni iliyokauka.

"Hukutaka kuuchafua," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Umenifanya mwizi wa karatasi mbele ya mke wangu. Amekufa anajua niliificha."

Kijana mmoja akataka kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Tajiri akasema polepole, "Mzee wa balbu, kumbe ndiyo maana ulikuwa hutaki pesa yangu." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nyapara akatandaza mchoro kwenye boneti, akaweka nati nne kwenye pembe zake usiruke. "Fungua nyaya," akaniambia. "Uzifunge upya. Kama ulivyo mchoro."

"Mzee, gari linakatwa sasa hivi."

"Nimesikia. Zifunge."

Nikafungua dashibodi. Ilichukua zaidi ya saa moja, kwa sababu macho yangu si yale. Vijana walikaa juu ya mtungi wakanikejeli kwa sauti ya kutosha. "Mafundi wa zamani hao, wanampaka wanja marehemu." "Mwache, anamalizia oda, mteja hajachukua gari lake." Nyapara hakunisaidia wala hakunikemea. Alisimama juu ya mchoro na kunisomea rangi moja moja, kwa sauti ileile ya kiwandani. Palipokuwa na maelezo ya herufi za kule, alinyamaza akaningoja, nikayasoma mimi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya na masomo yangu ya ng'ambo.

Nilipomaliza aliketi kwenye kiti cha dereva. Akawasha indiketa ya kushoto. Hakuamini taa ndogo ya dashibodi. Aliteremka, akazunguka gari lote, mbele na nyuma, akaiangalia ikipepesa kushoto. Akarudi, akawasha ya kulia, akateremka tena, akazunguka tena. Akairudisha ya kushoto, akaiacha.

"Tajiri, umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Nyie vijana mmeona?"

"Tumeona, babu," wakasema, na mara hii hawakutania.

Akakunja mchoro, akautia mfukoni mwa shati lake jeupe. Akaokota nati zake nne. "Haya, kateni," akasema. Akaondoka kwa miguu kuelekea Msimbazi. Hakunipa mkono, na hakugeuka nyuma.

Kijana akafungua gesi, akashusha miwani yake. "Babu wa balbu, tukate na taa inawaka hivyohivyo?"

Nikamwambia angoje. Nikafungua boneti, nikalegeza waya wa betri, taa ikazimika. Wakaanza na mlango wa kushoto.