Ukuta Wangu wa Sinema Unataka Kutobolewa Madirisha ya Bi Harusi

Assalamu alaykum admin. Jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Mimi ntasema tu nnakaa shamba, upande wa Tunguu, atakayenijua ndiyo keshanijua. Nna miaka ishirini na nne, nimeolewa, nna watoto wawili, mdogo bado nnamnyonyesha. Skuli niliishia kidato cha pili, basi mukiona nimekosea munistahamilie, nnaandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mtoto.

Mume wangu anafanya kazi hoteli huko Kendwa, anarudi Alkhamisi, anaondoka Jumamosi. Nyumba tunaijenga kidogo kidogo kama wenzetu wote wa huku. Upande mmoja umeshaezekwa, ndiko tunakolala. Upande wa pili ni kuta tu, na ule ukuta wa mwisho unaotizama uwanjani ni mrefu, hauna dirisha wala mlango. Niliwahi kumuuliza, "Mbona huku hukutia dirisha?" Akanambia, "Tutatia tukishajua ni chumba cha nani." Mimi nikajua anasema watoto.

Hii sinema ilianza hivi. Siku moja nilikwenda mjini na wifi yangu kutizama picha, nna mtoto mchanga. Imefika pazuri, mtoto akaanza kulia. Watu wakaja juu, "Mtoeni huyo!" Nikatoka, nikakaa barazani peke yangu mpaka ikaisha. Mpaka leo sijui yule bwana wa kwenye picha alirudi kwao au hakurudi, maana wifi yangu naye mwisho alisinzia.

Nikawaza, kungekuwa na pahala mtu anatizama yumo ndani ya gari, mtoto alie atakavyo, unamnyonyesha hakuna anayekuona. Kaka yangu anapiga video za harusi, akanipa projekta yake kuukuu na kidude cha kupeleka sauti kwenye redio za magari. Ule ukuta nikaupaka chokaa mwenyewe, mtoto mgongoni. Mume wangu alicheka tu, akasema nicheze. Mama yake akasema, "Huku shamba nani ana gari?"

Jamani, walikuja. Gari chache kweli, lakini kila moja imejaa wanawake na watoto mpaka kwenye buti. Wakaja wa vespa, wa bajaji, wanafunzi wa chuo wamebanana kwenye pikapu. Mzee mmoja jirani kaja na gari ya ng'ombe, mkewe na wajukuu wamekaa juu ya jamvi. Vijana wakamchokoza, "Mzee, redio yako iko wapi?" Akawajibu, "Redio ndiyo huyu, msubirini aanze." Na kweli, pale pa huzuni, watu wote wanafuta machozi, ng'ombe akalia mbuuu! Tulicheka, hakuna aliyejua picha imeishaje.

Ikawa kila Ijumaa baada ya isha. Kiingilio hakuna, mimi nnauza kachori na juisi ya ukwaju, pesa ya umeme inatoka hapo hapo. Bi mmoja mtu mzima alinishika mkono kwenye dirisha la gari, akanambia, "Mwanangu, tangu niolewe sijapata kukaa nikatizama kitu mpaka mwisho." Nilirudi jikoni nnalia.

Sasa wiki iliyopita, siku ya Jumatano, nnafua, nikamuona fundi anapima ule ukuta.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Nimekuja kwa yale madirisha mawili."

"Madirisha gani?"

"Ya chumba cha bi harusi." Akanitizama, akaona sielewi, akainamisha kichwa. "Kumbe hujaambiwa, mwanangu. Mimi nimetumwa tu." Akachora miraba miwili kwa mkaa juu ya chokaa yangu, akaondoka, chai hakutaka.

Nikamwendea mama mkwe wangu. Wala hakushtuka. "Mwanangu hakufanya haramu. Na wewe si una sinema yako?"

Alkhamisi mume wangu akaja, nikamtilia chakula, nikamuuliza. Akasema, "Ndiyo, naoa. Nilikuwa ntakwambia."

"Ungenambia lini, akishatandika kitanda?"

Akala mpaka akamaliza. Halafu akanambia, "Sikiliza. Ukuta ntakuachia. Madirisha fundi atayatoa upande wa uani. Lakini sitaki kununa. Siku atakayoletwa, wewe ndiye utakayempokea mlangoni, umfukize udi, watu wakuone umefurahi. Ukitia neno moja, ukuta unatobolewa."

Ijumaa watu wakaja kama kawaida. Sikuwa na nguvu ya kupaka chokaa. Picha ikapigwa na ile miraba imo, kila mtu anayetokea ana madirisha mawili usoni. Yule Bi akaniuliza, "Mwanangu, chokaa imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. Binti yangu mkubwa akanyoosha kidole ukutani, "Mama, mule ndani anakaa nani?"

Wapendwa, nshachoka. Ukewenza siupingi, dini yangu nnaijua, na huyo mwanamke hajanikosea kitu. Kinachoniuma ni kununuliwa kwa ukuta nilioupaka mwenyewe. Kwetu siwezi kurudi, mama ana chumba kimoja na wadogo zangu wamo. Na nikisema ninayoyaona, sinema imekwisha, wanawake wale watarudi kukaa ndani, na mimi nitabaki na nini?

Ndoo ya chokaa nshaikoroga, iko mlangoni. Mume wangu anarudi Alkhamisi. Akikuta miraba imefutwa, atajua nimekubali kumpokea mwenzangu kwa udi na kicheko. Akiikuta, fundi anaanza kazi. Mume wangu musinitukanie, ni baba wa wanangu. Nyinyi muliokwisha kupita humu, nambieni, nipake au nisipake? Na kama kuna njia ya tatu nionesheni, maana yule Bi keshatuma mtu kuuliza Ijumaa hii ni picha gani.