Sauti Yangu na Uji wa Watoto

Leo nimemliza mteja wangu wa kwanza, na nilikuwa nasoma tangazo la uji.

Niko saiba, kompyuta ni ya kulipia kwa dakika, nitaandika haraka.

Mnajua tangu redio itupunguze sisi watangazaji kazini nimekuwa nikizunguka nikitafuta wa kumuuzia sauti. Leo nikapata. Mama Atieno wa Kawangware anauza unga wa uji wa watoto, na anataka tangazo la kupigwa kwa spika sokoni.

Studio ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Tulingoja posho mill ya jirani, ile mashine ya kusaga mahindi, inyamaze, nikasoma.

"Mpe mtoto wako uji wenye nguvu."

Kuinua macho, Mama Atieno analia.

Nikadhani nimeweza. Nilifurahi hata, msinicheke.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye ulitangaza kifo cha baba yangu redioni. Nilikuwa jikoni nakata mboga ya sukuma. Ukasema jina lake lote, halafu ukaendelea na la mtu mwingine."

Miaka yote ile nikisoma matangazo ya vifo, sikuwahi kumfikiria mtu aliyebaki na kisu mkononi.

Nikarudia tangazo nikitabasamu. Fundi wa studio akatikisa kichwa.

"Dada, huyo mtoto bado anasikika kama marehemu."

Kazi ikaisha hapo.

Nimefika mlangoni, Mama Atieno akaniita. Nikageuka mbio.

"Ulisema unakaa mtaa wa Lindi, ni upande gani? Mama yangu ni mgonjwa sana. Siku ikifika, nataka asomwe na wewe."

Niambieni, nyinyi mngemwelekeza?

Mimi nimemwelekeza mpaka mlangoni kwangu.