Ukungu wa Riat

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa themanini na saba, nami nina miaka kumi na tisa na haraka nyingi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi za mtaa wa Milimani zilipita mikononi mwake kabla macho yake hayajazimika. Alikuwa amekaa gizani miaka sita bila kulalamika. Asubuhi hiyo akaniomba kitu kimoja tu: nimpeleke juu ya kilima cha Riat, nimweleze Kisumu ilivyo sasa.

"Kutoka pale mji unaonekana wote," alisema. "Nataka kujua kama kazi yangu bado imesimama."

Tulipanda polepole kutoka Kondele, mkono wake begani mwangu. Kila alipojikwaa niliguna, maana saa nane kulikuwa na mpira na wenzangu walikuwa wakiningoja. Tulipofika juu akavua kofia, akageukia upande unakotoka upepo wa ziwa.

"Haya, wuoda, mwanangu. Anzia kwenye gati, uje hivi mpaka Milimani."

Mji wote ulikuwa chini yangu: mabati yaking'aa, meli gatini, tambarare ya Kano hadi inapogusa milima ya Nandi. Kueleza kungechukua saa nzima. Nikamwambia, "Baba, leo kuna ukungu. Sioni kitu."

Akapitisha kiganja usoni, kikalowa jasho. Akavaa kofia yake.

"Basi turudi."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata Mamboleo, chini tu ya kilima. Tukiwa tunateremka akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimepoteza macho, sijapoteza ngozi. Jua lilikuwa linanichoma pale." Mpira niliuwahi, na leo sikumbuki nani alishinda.

Toka siku hiyo hakuniuliza tena kitu chochote kikoje. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, Baba alimwita Mama Akinyi, jirani yetu muuza dagaa wa omena, amweleze sura ya mjukuu wake, nami nimesimama hapo hapo. Nilimsihi Baba twende tena Riat. Akasema, "Nilishaona."

Alikufa mwaka wa tisini na mbili. Baada ya mazishi nilipanda peke yangu, nikaanza kueleza kwa sauti, toka gatini. Nilipofika Milimani nikakwama. Paa zilikuwa nyingi, na sikujua zipi ni zake. Sikuwahi kumuuliza.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Mzee akikuomba macho yako kwa saa moja, mpe, na umpe ukweli. Usimpime kwa haraka zako. Muulize alichojenga angali ana mdomo wa kukuonyesha, kwa sababu kuna msamaha ambao mtu anakwenda nao kaburini hajautoa.

Mungu akuzeeshe vizuri. Na siku macho yako yakichoka, akupe mtu asiyekudanganya.